Sanamu za Nairobi na Majina Yasiyoandikwa

Mtu atokaye mashambani akashuka garini mjini Nairobi asubuhi huwa na mambo mengi ya kumaliza kabla jua halijachwa. Pengine ana hati za shamba za kupeleka afisi ya ardhi, au karo ya mtoto ya kulipa, au jamaa aliyelazwa hospitali. Hupita mbio, mkono mmoja umeshika mfuko wake, na macho yake yakitafuta jina la jengo aliloelekezwa. Wakati huo huwa amewapita watu wanne au watano waliosimama juu ya vitako vya mawe, juani na mvuani, wala hakuwatazama. Hao ni sanamu za mji.

Sanamu hizo hazikuota kama miti. Kila moja ilisimamishwa na wakubwa wa zama fulani, kwa fedha za umma au za tajiri fulani, ili iseme neno kwa wapitao. Neno hilo mara nyingine ni la kweli, mara nyingine ni nusu ya kweli, na ziko sanamu ambazo mji wenyewe ulikataa neno lake ukaziondoa. Mwenye nafasi ya nusu siku aweza kuzizunguka kwa miguu, na akirudi kwake jioni atakuwa amesoma sehemu kubwa ya historia ya Kenya pasipo kufungua kitabu.

WATATU WA KENYATTA AVENUE

Mahali pafaapo kuanzia ni Kenyatta Avenue, barabara pana ambayo kabla ya uhuru iliitwa Delamere Avenue. Hapo wamesimama wanaume watatu wa shaba. Mmoja ni mchukuzi, na wenzake ni askari wenye silaha. Ukumbusho huu ulifunuliwa mwaka 1928. Aliyeutengeneza ni mchongaji Mwingereza, James Alexander Stevenson, ambaye kazi yake nyingine ni ile sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927. Mombasa nako kuna ukumbusho wa namna hiyo. Yote mitatu ni kwa ajili ya Waafrika waliotumika katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918, wakati Waingereza wa Kenya walipopigana na Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika.

Maandishi yaliyo juu ya kitako ni ya lugha tatu, Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi mashuhuri wa Uingereza. Yanasema kwamba wachukuzi walikuwa ndio miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanatoa ahadi, kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Ahadi hiyo ni njema. Lakini mtu akikizunguka kitako chote, mbele na nyuma, akitafuta jina moja tu la mchukuzi, hatalipata.

Yafaa kukumbuka watu hao walikuwa nani. Walitolewa vijijini, wengi wao kwa nguvu, wakatiwa katika kikosi cha uchukuzi. Nchi waliyoingia ilikuwa haina barabara, na mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe waliopelekwa kuvuta magari. Basi unga, risasi, dawa na mahema ya jeshi lote vikawa juu ya vichwa vya watu. Makumi ya maelfu hawakurudi. Waliouawa na risasi walikuwa wachache kuliko waliouawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu, njaa na uchovu. Walizikwa kando ya njia walipoangukia. Wazungu waliokufa katika vita hivyo hivyo waliandikiwa majina yao katika mawe, mmoja mmoja. Wachukuzi waliwekewa sanamu moja kwa wote. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri hadharani kwamba wafu wengi wa Afrika na Asia hawakupewa heshima sawa na wenzao, nayo ikaomba radhi. Miaka zaidi ya 100 ilikuwa imekwisha kupita.

SOKO LILILOHIFADHI JINA

Na bado jina la kikosi hicho halikupotea, maana lilihifadhiwa na watu wasio na shaba wala patasi. Waswahili walilitamka jina la Kiingereza la kikosi kwa namna iliyowatulia kinywani, likawa Kariakoo. Mahali palipokuwa kambi ya wachukuzi Nairobi pakaitwa hivyo, na leo pana mtaa na soko lijulikanalo kama Kariokor. Dar es Salaam nako pana Kariakoo, soko kubwa ambalo hakuna mfanyabiashara wa Afrika Mashariki asiyelijua.

Mgeni akitoka katikati ya mji akaenda Kariokor atakuta vyondo, mikanda ya shanga, viatu vya ngozi na harufu ya nyama choma. Mama mwenye duka la vyondo hasemi habari za vita, wala mnunuzi hamwulizi. Hata hivyo kila mtu amwambiapo dereva amshushe Kariokor, anawataja wale wachukuzi. Karibu na hapo pana makaburi ya vita, na Mfalme Charles wa Uingereza alipozuru Kenya mwaka 2023 alifika mahali hapo. Sanamu ya Kenyatta Avenue ilijengwa na Serikali, na jina la Kariokor lilijengwa na wapitao. La pili halikugharimu hata senti moja, nalo limekaa vinywani mwa watu kila siku kwa muda wa karne nzima.

SANAMU ZILIZOHAMA

Katika barabara hiyo hiyo ilikuwako sanamu nyingine, ya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kizungu. Ilikaa mahali pa heshima, barabara ikiitwa kwa jina lake. Uhuru ulipokuja, jina la barabara lilibadilishwa na sanamu ikaondolewa, ikapelekwa katika shamba la ukoo wake huko Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita. Haikuvunjwa. Ilirudishwa kwa jamaa zake, kama mgeni anayechukuliwa mzigo wake mpaka njia panda. Jambo hilo laonyesha kwamba sanamu yaweza kuwa imesimama imara juu ya mawe, na ardhi iliyo chini yake ikahama.

Si mbali, katika bustani ya Jeevanjee, palikuwa na sanamu ya Malkia Victoria. Bustani na sanamu vilitolewa zawadi kwa mji mwaka 1906 na A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara Mhindi. Sanamu ilikaa humo zaidi ya miaka 100, hata mwaka 2015 ikaharibiwa. Lakini bustani yenyewe imekuwa na maana kubwa kwa watu wa mji kuliko sanamu. Mwaka 1991 palikuwa na mpango wa kuijenga majumba na maegesho ya magari. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, alisimama kuupinga, na watu wengi wa mji wakamwunga mkono, mpango ukaachwa. Leo saa ya chakula cha mchana makarani hukaa kwenye majani chini ya miti, wahubiri huhubiri, wabishani hubishana juu ya siasa, na asiye na kazi hupata mahali pa kulala kidogo bila kufukuzwa.

Jambo kama hilo lilikuwa limetokea Uhuru Park mwaka 1989. Ilitangazwa kwamba katika bustani hiyo patajengwa jumba la ghorofa 60, na sanamu kubwa ya Rais Moi. Profesa Wangari Maathai aliandika barua nyingi za kupinga. Alitukanwa Bungeni, lakini wakopeshaji wa ng'ambo walijitoa, na jumba halikujengwa wala sanamu haikusimamishwa. Wako wengi wapitao hapo wasiojua kwamba ule uwazi wa majani ni ukumbusho pia. Karibu na hapo, katika Central Park, lipo jiwe la Nyayo lililosimamishwa mwaka 1988, lenye mkono ulioshika rungu ukitokeza juu ya mlima. Na katika uwanja wa jumba la mikutano la KICC ameketi Mzee Jomo Kenyatta wa shaba, kazi ya James Butler wa Uingereza, tangu mwaka 1973. Hivyo kwa muda mrefu baada ya uhuru aliyepewa mahali pa heshima katikati ya mji alikuwa yule mwenye kutawala. Waliokufa kabla ya uhuru kuja walingoja.

MTU WA KIMATHI STREET

Waliongoja zaidi ni watu wa msituni. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri mwezi wa Oktoba 1956, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Picha yake akiwa amelala chini, mikono ina pingu, ilienezwa kila mahali ili watu waone kwamba amekwisha. Magazeti ya Serikali ya wakati ule yalimwita mhalifu. Baada ya uhuru barabara iliyoitwa Hardinge Street ilipewa jina lake, lakini kaburi lake ndani ya Kamiti halikuonyeshwa jamaa zake, na chama cha Mau Mau kiliendelea kupigwa marufuku na sheria mpaka mwaka 2003.

Tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu kunyongwa, Rais Mwai Kibaki alifunua sanamu yake katika Kimathi Street. Aliyeitengeneza ni Mkenya, Kevin Oduor. Kimathi amesimama wima katika mavazi ya vita, bunduki mkononi, nywele zake ndefu zimesukwa. Mtu aliyeiona ile picha ya zamani ataelewa mara moja kazi ya sanamu hii. Aliyeonyeshwa kwa watu akiwa amelazwa chini, sasa ameinuliwa, na watu ndio wanaoinua macho kumtazama. Kwa familia isiyo na kaburi, sanamu imekuwa ndiyo mahali pa kuweka ua.

Hapa msomaji aliyezaliwa Mkoa wa Kati anaweza kusema kwamba si kila nyumba ilikuwa upande mmoja wakati ule wa taabu. Ndugu walipigana na ndugu, na wako waliouawa na watu wa msituni. Hilo ni kweli, wala sanamu moja haiwezi kulisema lote. Shaba haina nafasi ya maneno mengi. Ndiyo sababu mji wahitaji sanamu zaidi ya moja, na wazee wenye kusimulia yale ambayo sanamu haisemi.

MWANAMKE NA MPIGANAJI

Ukumbusho unaosema zaidi kuliko ule uko katika pembe ya Uhuru Park iitwayo Freedom Corner. Ulifunuliwa mwezi wa Septemba 2015, na gharama ilitolewa na Serikali ya Uingereza. Ilikuwa sehemu ya mapatano ya mwaka 2013, wakati Uingereza ilipotamka kwamba inasikitika kwa mateso yaliyofanyika makambini, ikakubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 waliokuwa wameshtaki.

Sanamu yenyewe ni ya watu wawili. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, na kila mmoja ametazama upande wake. Hawaonani uso. Wazee waliokuwako wanaeleza maana yake: ilikuwa heri mtu asimjue aliyempa chakula, wala mwenye kutoa asimjue aliyepokea, ili mmoja akikamatwa na kupigwa asiwe na jina la kutaja.  Mchongaji alichagua chakula kinachotolewa na shingo mbili zilizogeuzwa, na mwenye akili huelewa hofu yote ya miaka ile.

Hapo hapo, mwaka 1992, akina mama wazee walikaa wakafunga kula wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu ya siasa waachiliwe. Polisi waliwapiga wakawatawanya, wakakimbilia kanisa la All Saints lililo jirani, na wengi wa wafungwa wao wakaachiliwa baadaye. Mahali pakishapokea machozi ya namna hiyo, sanamu huja tu kuthibitisha lile ambalo watu walikwisha kulijua.

MBOYA NA UKUTA WA MAJINA

Kutoka hapo msafiri arudi mjini mpaka Moi Avenue, zamani Government Road. Hapo amesimama Tom Mboya, aliyekuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, kisha waziri, aliyewatafutia vijana wengi wa Kenya nafasi za masomo Marekani kuanzia mwaka 1959. Alipigwa risasi katika barabara hiyo tarehe 5 Julai 1969, akitoka duka la dawa, na sanamu yake iliyofunuliwa mwezi wa Oktoba 2011 iko hatua chache tu kutoka mahali hapo. Chini yake wamewekwa ndege heroe, na wengi huwaona kuwa mfano wa wale vijana walioruka kwenda ng'ambo. Kila jioni watu huketi kuizunguka wakingoja marafiki. Mtu hupiga simu akasema, "Nipo kwa Mboya," na mwenzake hamwulizi ni wapi. Kama sanamu ingeweza kuchagua heshima, labda hiyo ingeitosha.

Mwisho wa barabara hiyo, inapokutana na Haile Selassie Avenue, ndipo palipokuwa na ubalozi wa Marekani uliolipuliwa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998. Watu 213 walikufa Nairobi. Wengi hawakuwa na uhusiano wowote na ubalozi. Walikuwa makarani, abiria katika mabasi, wapita njia, na wanafunzi wa chuo cha uhazili kilichokuwa katika jumba la jirani lililoporomoka. Mahali hapo sasa ni bustani ndogo tulivu, na ndani yake upo ukuta wa mawe wenye majina ya waliokufa.

Yeyote aliyetoka kwa wachukuzi wa Kenyatta Avenue akafika hapa ataiona tofauti bila kuelezwa. Hapa karani ameandikwa, na mjumbe wa afisi ameandikwa, na msichana aliyekuwa akijifunza kupiga taipu ameandikwa. Siku ya kumbukumbu ndugu huja, hutafuta jina lao kwa kidole, huligusa, husimama kidogo, kisha huenda zao. Sanamu nzuri huwafanya watu watazame. Jina la mtu wako likiwa katika jiwe, hukufanya urudi.

PICHA ZA KUTANI NA ZA MATATU

Hata hivyo mtu asidhani kwamba kazi hii ni ya Serikali peke yake. Katika fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kijana wa Kibera ajulikanaye kwa jina la Solo 7 alichukua rangi na burashi akaandika maneno ya kuomba amani kutani, milangoni na njiani, wakati nyumba zilikuwa zikichomwa. Hakuagizwa na mtu. Mwanzoni mwa mwaka 2012 Boniface Mwangi na vijana wenzake walichora ukutani, karibu na Soko la Jiji, picha ya mwanasiasa mwenye kichwa cha tai mla mizoga, wakiwauliza wananchi kwa nini huchagua walewale kila mara. Watu walisimama mbele ya ukuta huo wakabishana, wengine wakicheka, wengine wakikasirika. Na matatu za Nairobi zimepakwa picha za waimbaji, wacheza mpira na mashujaa kwa miaka mingi. Mwaka 2004 amri za usafiri zilizifuta picha hizo zikabakiza mstari wa manjano, lakini amri ilipolegezwa baadaye zikarudi kwa wingi kuliko kwanza.

Ziko tofauti nyingi kati ya rangi ya ukutani na shaba ya kitakoni. Rangi huisha kwa mvua mbili, na askari wa jiji aweza kuifuta asubuhi moja. Lakini mchoraji haombi ruhusa ya miaka 10, wala hangoji shujaa wake afe. Mji wenye afya wahitaji vyote viwili: kitu cha kudumu kwa ajili ya yale yaliyokwisha kuamuliwa, na ukuta kwa ajili ya yale ambayo watu bado wanabishania. Mombasa wana mfano mwingine. Yale mapembe makubwa ya Moi Avenue yaliwekwa miaka ya 1950 kwa sababu ya ziara za ukoo wa kifalme wa Uingereza. Wafalme wamesahauliwa na wapitao, nayo mapembe yamekuwa alama ya mji, kila mmoja akiyasoma kuwa herufi M ya Mombasa. Watu waliichukua zawadi iliyowekwa kwa ajili ya wengine wakaifanya yao.

LA KUFANYWA

Mkulima au karani atauliza, haya yote yanamhusu nini? Yanamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, sasa kila kaunti ina serikali yake, na viongozi hupenda kusimamisha sanamu sokoni na njia panda. Fedha hizo ni za mwenye kulipa kodi. Ana haki ya kuuliza, kabla shaba haijasubiwa, ni nani anayekumbukwa, nani ameachwa, na mchongaji amechaguliwa kwa njia gani. Akinyamaza atawekewa sanamu ya mtu asiyemjua, na watoto wake wataipita kama wapitavyo nguzo ya simu.

Pili, hakuna serikali itakayoweza kuyarudisha majina yote ya wachukuzi wa mwaka 1914. Lakini katika nyumba nyingi za Nyanza, za Ukambani, za Pwani na za Mlimani, bado yuko mzee au bibi aliyesikia kwamba babu wa baba yake alikwenda Kariakoo asirudi. Hujua jina lake na la mama yake, na pengine hujua alitoka nyumbani msimu gani. Mzee huyo akifa, jina limekwisha. Basi mwenye kalamu na aliandike, katika ukurasa wa kwanza wa kitabu kitakatifu cha nyumba, au katika daftari la ukoo, pamoja na kijiji alichotoka. Siku atakapokuja Nairobi kwa shughuli zake, na apite Kenyatta Avenue na mwanawe, wasimame dakika mbili mbele ya yule mchukuzi wa shaba, amtajie mtoto jina hilo kwa sauti. Kisha waende wakalipe karo, kabla dirisha la malipo halijafungwa.